Rangi ya Njano Mlangoni

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua umesikia redioni kwamba watu wote wa mtaa wa mtoni wameokolewa. Ni kweli kwa kiasi. Sisi ni wazima: mke wangu, watoto, na Mama Mdogo pia. Nyumba ya Baba imesimama. Nimetanguliza hayo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa.

Maji yaliingia Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi. Saa mbili yalikuwa kwenye ngazi za posta, saa sita yalikuwa juu ya kaunta. Nyumbani kwa Baba yalifika kwenye dirisha. Mama Mdogo alikataa kutoka mpaka alipoifunga cherehani yake kwa shuka akaibeba kichwani, maji kiunoni, hadi kwa jirani yule tunayemwita Mama Ghorofa, kwa kuwa ni nyumba yake tu pale mtaani yenye juu na chini. Nguo zake mwenyewe aliziacha.

Sasa mto umerudi kitandani mwake na sisi tumebaki na tope. Mji mzima unanuka kama kisima alimofia panya. Posta walimkuta kambare ndani ya kabati la mihuri. Karani akasema huyo amefuata barua yake, foleni ilikuwa ndefu. Tulicheka sana, kupita kiasi cha mzaha wenyewe.

Manispaa imetuteua wakaguzi watatu, kila mmoja na makopo ya rangi. Kijani mlangoni maana yake kaa. Njano, ingia mchana kwa shughuli zako lakini usilale humo. Nyekundu, usikanyage, nyumba inabomolewa. Tumeshapiga alama nyumba mia mbili na kumi. Watu wanautazama mkono wangu kama wanavyotazama mkono wa daktari. Juzi mwalimu wangu wa darasa la tatu alinipigia magoti, mimi nikiwa na brashi ya nyekundu. Sikujua nitazame wapi.

Nyumba ya Baba sijaigusa. Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mto, umefanya tumbo. Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, nisingesimama pale hata dakika mbili.

Naandika kwa sababu ulisema mwenyewe, tangu tulipogombana kwenye simu wakati wa msiba wa Baba, kwamba tuandikiane, maana barua haimkatizi mtu maneno. Basi sijakukatiza. Niambie unawaza nini.

Mdogo wako

*

8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaingia darasani.

Nimempigia mtu ninayemfahamu huko manispaa. Kanithibitishia kuwa kiwanja chochote cha mtoni kitakachopigwa nyekundu hakijengwi tena, watapanda nyasi. Novemba nastaafu. Nyumba ninayokaa ni ya shule, na ufunguo naurudisha siku ileile. Miaka thelathini nimewafundisha watoto wa watu jiografia, mito naijua kwa majina na kwa urefu, na sina hata chumba. Nina nusu ya nyumba ya Baba, basi.

Sikuombi useme uongo. Nakuomba muda. Njano si uongo, ni rangi tu. Mkiuegemeza ule ukuta kwa magogo utasimama mpaka nije tuujenge upya pamoja. Kuta ngapi za mji huo zina tumbo, na wenyewe wamekufa kwa uzee zikiwa bado zimesimama?

Huyo mama yako mchukue kwako. Yeye ndiye aliyekulea, alipoolewa na Baba alikukuta mchanga. Mimi alinikuta nina miaka kumi na minne, na mama yangu hajamaliza mwaka kaburini. Simtakii mabaya. Nasema tu kwamba yeye ana wewe, na mimi nina ile nyumba.

Dada yako

*

13 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ni njano.

Niliwapeleka wenzangu upande wa pili wa mtaa, nikapaka peke yangu. Mama Ghorofa alikuwa dirishani. Akaniuliza imekuwaje nyumba yake yenye ufa mwembamba na ile yenye tumbo zipate rangi moja. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Akafunga dirisha.

Magogo sita tumeyasimika. Mama Mdogo alikuja kwangu, akalala siku mbili. Siku ya tatu alitoka kama anayekwenda sokoni, hakurudi. Nilimkuta nyumbani, ameirudisha cherehani mahali pake, ukumbi umejaa watu. Si unajua kazi yake ni magodoro, na mji huu hauna godoro kavu. Anafumua, anaanika pamba uani, anashona foronya mpya. Wanapanga foleni tangu alfajiri. Nikamwambia, shona mchana, jioni uje kwangu ulale. Akasema, "Sawa, baba." Jioni hakuja.

Kila siku ni hivyo. Ananiitikia "sawa, baba", ananipa chai, ananiuliza mguu wa mtoto umepona. Kubishana naye ni kama kulipiga godoro ngumi. Nikimuuliza kwa nini, anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lake ni cherehani na liko kwake. Najua si hilo tu. Kuna jambo hajanieleza.

Mwandikie, Dada. Mimi amenizoea. Wewe hujawahi kumwomba kitu hata siku moja, ukimwomba atashtuka na atasikia.

Mdogo wako

*

19 Aprili

Kwako uliye katika nyumba ya Baba,

Mdogo wangu ameniambia anataka uhamie kwake kwa sababu ya ukuta. Juu ya ukuta sina la kusema, mimi si fundi. Lakini napenda mambo yawe wazi ili baadaye pasiwe na maneno.

Wasia wa Baba unasema nyumba hiyo utaikaa maadamu unaishi humo. Siku utakayokwenda kulala kwingine kwa hiari yako, haki hiyo imekwisha na nyumba inarudi kwa watoto wake. Mafuriko hayabadilishi hilo. Mimi nitakuja kuishi hapo Novemba.

Pima mwenyewe, uamue kama mtu mzima. Ukiamua kuhama, niandikie mistari miwili na utie sahihi.

Binti mkubwa wa marehemu

*

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemwandikia kama ulivyoomba. Nimemwambia apime, aamue. Nadhani sasa atahama. Usimsumbue kwa maswali, mwache aamue mwenyewe.

Dada yako

*

26 Aprili

Mwanangu mkubwa,

Nakusalimu. Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara tatu, ya kwanza kwa furaha kabla sijaelewa, maana ni barua ya kwanza kuniandikia tangu nije katika nyumba hii, na ni miaka arobaini na moja sasa. Mwandiko wako ni wa baba yako kabisa. Herufi zako zimelala kama zinasukumwa na upepo.

Usione vibaya mwandiko wangu. Mikono hii imezoea sindano ya godoro, ile ndefu. Kalamu inaniponyoka.

Nimekuelewa. Sitahama. Mwanzo nilikasirika, nikasema moyoni, huyu mtoto ananifukuza na maji yenyewe hayakunifukuza. Kisha usiku nikafikiri. Mama Ghorofa ananiambia manispaa wanapita kuandika nyumba ambazo hazina watu, na ikiandikwa haina mtu ndiyo itabomolewa kwanza. Wewe unastaafu. Nikihama, Novemba utakuta nyasi. Nikikaa, utakuta nyumba. Basi nitakaa, siyo kwa ajili ya wasia tu. Mtu aliyefundisha miaka yote hiyo hawezi kurudi kwao akakosa pa kuweka begi.

Nilipoletwa hapa nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuwa unakaa jikoni na kisahani cha mama yako, hutaki nikiguse. Sikukigusa. Nilitaka nikwambie kwamba sikuja kuchukua mahali pa mtu, nilitafutiwa mume nikaja. Lakini ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa kama mtoto, hatukuwa na lugha.

Mdogo wako sijamwonyesha barua yako na sitamwonyesha. Ana kazi ngumu, watu wanamtukana njiani kwa sababu ya rangi zake. Asije akamkasirikia dada yake bure. Kwake kuna vyumba viwili na watu sita, nililala kwenye ujia na wajukuu wananiruka kwenda kukojoa. Wananiruka kwa adabu, lakini wananiruka.

Ukija, chumba cha mbele ni chako, kina mwanga wa kusomea. Mimi nitabaki huku nyuma na cherehani. Hatulazimiki kuzungumza kila siku.

Nijibu hata mistari miwili, bila sahihi.

Mama Mdogo wenu

*

9 Mei

Dada,

Mama Mdogo amefariki.

Ilikuwa juzi Alhamisi, saa nne asubuhi, jua linawaka. Mvua haikuwepo. Mto ulikuwa chini kabisa, watoto wanachezea mchanga ukingoni. Ndivyo inavyokuwa, maji yakiwa juu huushika ukuta, yakishuka udongo uliolowa hulegea. Hili nimelisomea, Dada. Nililijua tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa shule ya msingi nakagua paa. Mtu akaja anakimbia, akasimama mbele yangu, nikajua. Nilipofika walikuwa wanachimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa mabati. Mama Ghorofa alikuwa anatoa matofali moja moja na kuyapanga pembeni kama anayeogopa kuyavunja. Tulimkuta karibu na cherehani. Alikuwa anashona godoro la kitoto, na lilikuwa limemfunika uso, kwa hiyo uso ulikuwa safi. Mikono ilikuwa na vumbi mpaka mabegani. Alikuwa bado anapumua. Nilipomwita akasema, "Sawa, baba." Hakusema kingine. Hatukufika hospitali.

Tumemzika jana. Nilipiga simu shuleni kwako mara mbili siku ileile ya Alhamisi. Waliniambia unasimamia mitihani, watakupa ujumbe. Nilikusubiri mpaka saa tisa, kisha wazee wakasema haifai kumsubirisha maiti.

Magogo yote sita yamevunjika katikati. Sijui kwa nini hakutaka kuhama. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma.

Mdogo wako

*

15 Mei

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Ujumbe ulinifikia umechelewa, mtihani ukiwa umekwisha na basi limekwishaondoka. Ningekuja.

Usijilaumu. Ulimwambia, mkeo akamkaribisha, ulisimika magogo. Mimi nilimwandikia kama ulivyotaka, naye hakusikia. Watu wa umri ule wakishika neno hawaliachii. Alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu, na ukaidi hauna dawa.

Kula. Lala. Watoto wanakuhitaji.

Dada yako

*

2 Juni

Dada,

Jana Mama Ghorofa aliniletea cherehani. Imepinda mkono, lakini droo yake ilifunguka. Ndani palikuwa na bobini, chaki, miwani iliyofungwa uzi, na barua yako ya tarehe 19 Aprili.

"Siku utakayokwenda kulala kwingine kwa hiari yako, haki hiyo imekwisha."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini palepale mlangoni. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni risiti ya zamani.

Uliniambia nisimsumbue kwa maswali. Sikumsumbua.

Kama alikujibu, nataka kuiona barua yake.

Mdogo wako

*

20 Juni

Mdogo wangu,

Hii hapa barua yake. Ni yenyewe, sikuinakili. Niliona nikiinakili nitaacha neno.

Ilinifikia tarehe 29 Aprili. Nilikaa nayo siku nane kabla ukuta haujaanguka. Sikunyamaza kwa hasira, naomba uliamini hili hata kama mengine huyaamini. Nilianza kumjibu siku ileile. Sikujua nimwite nani hapo juu. Niliandika "Mama Mdogo", nikaona ni unafiki, maana sijawahi kumwita hivyo akiwa mbele yangu. Nikaandika "Bibi", nikaona ni matusi. Nikachana karatasi tatu. Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto kuandika barua za kuomba kazi. Nikasema nitaandika Jumapili nikiwa nimetulia. Jumapili ikaja nikasahihisha madaftari.

Nilichotaka ni atoke, nyumba ibaki. Niliona maneno yale yatamtoa, kwa sababu kama ningeandikiwa mimi ningebeba vitu vyangu na kuubamiza mlango. Nilimpima kwa kipimo changu. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kuambiwa maneno kama yale akakaa ili anitunzie mimi mahali.

Na ujumbe wa shuleni haukuchelewa. Nilipewa saa sita, siku ileile ya Alhamisi. Basi la jioni lilikuwepo. Nilifunga begi, nikakaa nalo kwenye chumba cha walimu, mapajani, mpaka mlinzi akaniambia anafunga. Sikujua nitaingiaje kwenye msiba ule, nitakaa upande gani.

Hata sikuombi unisamehe. Niambie tu kama bado ni dada yako.

Mimi

*

28 Septemba

Dada,

Shikamoo. Umeandika mara tano tangu Juni na sikujibu. Barua zote nimezisoma. Hii ndiyo ya kwanza niliyoweza kuimaliza.

Ile ya Mama Mdogo nimemsomea mke wangu. Alilia alipofika kwenye ujia na wajukuu. Akasema, "Kumbe tulikuwa tunamruka." Siku hizi watoto wakipita pale anawaambia wazunguke, ingawa hakuna mtu aliyelala.

Kamati iliketi Julai. Waliita wakaguzi wote kwa sababu nyumba nne zilianguka baada ya kukaguliwa. Tatu alama zake hazikuwa na kosa, ardhi tu ilihama. Nilipoitwa nikasema ile ya nne ilistahili nyekundu, na nilijua, nikapaka njano. Mwenyekiti akaniuliza nani aliniomba. Nikasema hakuna. Usifikiri nilikuwa nakulinda. Ulinitumia neno, ni kweli, lakini brashi ilikuwa mkononi mwangu, na mkono ule ulikuwa na akili yake. Wameniondoa kazini. Hawakunishtaki, wamesema nina bahati. Sijaiona.

Mji unaamka polepole. Posta imefunguliwa, ila mstari wa tope umebaki ukutani juu ya kaunta, na karani mpya ni mfupi, mstari unampita kichwa. Soko limerudi. Shule wanasoma kwa zamu. Mtaa wa mtoni wote umebomolewa, na nyumba yetu pia, sehemu iliyokuwa imebaki. Umekuwa uwanja. Watu wakipita hupunguza sauti, kisha baada ya hatua kadhaa wanazipandisha tena.

Watu wa mtaa ule wanajengewa nyumba kule juu, nyuma ya hospitali. Nilikwenda kuomba kazi ya kujenga. Fundi mkuu alinijua. Akaniuliza kama nitaweza kubeba tofali na mikono ya ofisini. Nikambebea. Sasa mimi ni mwashi, napima kuta za wengine kwa uzi na timazi kama zamani, tofauti ni kwamba sasa nazijenga kwanza.

Umeuliza kuhusu Novemba. Usije, Dada. Sikufukuzi, na wala sisemi milele. Wewe ni dada yangu. Hilo halina kijani wala nyekundu. Lakini watoto watauliza bibi yao alikuwa anamngoja nani, na mimi bado sina jibu ninaloweza kulisema nikiwa nakutazama. Panga chumba huko kwanza. Andika. Nitakuwa najibu, labda kwa kuchelewa.

Jumamosi iliyopita tulikabidhi nyumba ya kwanza. Alipewa Mama Ghorofa. Manispaa walileta viti na kipaza sauti, wakahutubia, kisha wakampa ufunguo. Aliingia, hakuangalia mlango wala madirisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Akaugusa kwa kiganja, akausukuma kwa bega. Akageuka, akanitafuta katikati ya mafundi.

"Wewe ungelala humu?" akaniuliza.

Nikasema ningelala.

"Basi lala nikuone."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni utani. Yeye hakucheka. Niliweka chini mwiko, nikaingia, nikajinyoosha sakafuni chini ya ule ukuta, saruji ikiwa bado na ubaridi, viatu vyangu vimejaa udongo. Nje kipaza sauti kilikuwa kinaita watu kwenye picha. Mama Ghorofa alivuta kiti, akakaa mlangoni, ananitazama.

Nilifumba macho. Sijui ni dakika ngapi. Nilikuwa nausikia moyo wangu kwenye sakafu. Sikuamka mpaka Mama Ghorofa aliposema inatosha.

Mdogo wako